Mayai ya Kifaranga

Watu wakisikia natafuta dawa ya mafua, hudhani nashinda nikichanganya maji ya rangi kwenye vichupa. Ukweli ni kwamba nusu ya maisha yangu ya kazi imepita nikimulika mayai. Unazima taa, unaliweka yai juu ya tochi, unatazama mishipa ya damu iliyotanda ndani na kiumbe kidogo kikijitikisa. Kama kiko hai unatoboa tundu, unaingiza tone lenye virusi, unaziba kwa nta, unalirudisha yai kwenye mashine ya joto. Virusi vya mafua hustawi ndani ya yai. Ukitaka kujua ni dawa gani itaviua, lazima kwanza uvioteshe viwe vingi, ndipo uvipambanishe na dawa.

Mayai yetu hayatoki sokoni. Yanatoka kwa mdogo wangu, ambaye ukoo mzima unamwita Kifaranga. Jina hilo alipewa na shangazi, dada wa baba yetu, aliyetulea tulipobaki yatima, kwa sababu utotoni kila akitafutwa alikutwa bandani amelala katikati ya kuku. Siku hizi ana kipara na miwani, ana mabanda yake makubwa nje kidogo ya mji, na jina limemganda. Mimi ndiye niliyempeleka maabara, na hata wale wasionipenda kazini walikubali kwamba mayai ya Kifaranga hayana mpinzani.

Kuku wa maabara hawafugwi kama kuku wengine. Mkuu wetu, mtu ambaye akikasirika sauti yake hushuka badala ya kupanda, alimkalisha Kifaranga chini tangu mwanzo, nami nikiwa pembeni naongezea. Usiwachanje, tulimwambia, kwa sababu kinga ya chanjo huingia kwenye yai na kuvizuia virusi visikue. Usiwape antibaiotiki. Usiingize kuku mgeni. Usikanyage banda ukiwa umetoka kwa mgonjwa wa mafua. Kifaranga aliuliza maswali yake, akarudia yote kwa mdomo wake, na tangu hapo hakuvunja hata moja. Mdogo wangu ana visa vyake, lakini ukimwambia usifanye hiki, hafanyi.

Kisha ikaja homa mpya. Ilitoka kwa ndege, ikaingia kwa watu, na haikuwa na mzaha. Mtu anaanza na kikohozi, muda si muda anapumua kwa taabu. Hospitali kubwa ilifungua wodi ya peke yake, ikatuletea sampuli za koo za wagonjwa na swali moja tu. Kuna kidonge cha zamani kilichoachwa kwa sababu mafua ya kawaida yalishakizoea. Je, huyu mgeni naye amekizoea, au kitamweza? Wakati wakisubiri jibu letu walikuwa wanawapa wagonjwa kidonge hicho kwa kubahatisha.

Tukaziingiza sampuli kwenye mayai. Mengi yaligoma. Tulingoja, tukapima, hamna kitu. Tukasema sampuli zimekaa sana njiani, tukamlaumu dereva, maana dereva ndiye wa kulaumiwa siku zote. Mayai machache yalishika. Tukachukua maji ya hayo machache, tukayahamishia kwenye mayai mengine, na safari hii virusi vikakua kwa fujo. Tulipovipambanisha na kidonge cha zamani, kidonge hakikufua dafu. Tukavipambanisha na dawa yetu wenyewe, ambayo ilikuwa bado haina jina na tulikuwa tunaiita Binti, kwa kuwa Mkuu alisema inasumbua kulea. Binti akavibwaga virusi vile kweupe.

Mkuu alicheka mpaka akavua miwani kujifuta macho. Miaka yote tuliyomlea Binti, ndiyo kwanza alikutana na virusi vipya na kuvishinda. Hata mimi nilifurahi, na mimi si mtu wa kufurahi ovyo. Tukaiandikia hospitali kwamba kidonge cha zamani hakifai kwa homa hii, na kwa kuwa kinajulikana kuwachanganya wazee akili, ni heri waache kuwapa. Mkuu akatia sahihi, nami nikatia yangu chini yake.

Shangazi wakati huo alikuwa amelazwa katika wodi ile ile. Alianza kukohoa nyumbani kwangu, akasema ni vumbi, akakataa kwenda hospitali mpaka nilipomwinua kitini kwa nguvu. Wakamwanzishia kidonge siku alipofika. Nilipokuwa natia sahihi nilijua kwamba anakimeza, na nilidhani namwondolea adha ya bure.

Baada ya vidonge kusimamishwa nilikwenda kumwona. Daktari wa wodi, mama mmoja mrefu ambaye barakoa ilikuwa imemchora mistari mashavuni, alinivuta kwenye korido kabla sijaingia.

"Dada, mimi si mtu wa maabara," alisema. "Lakini hawa niliowawahi na kile kidonge walikuwa wanainuka. Tangu ripoti yenu ije nimeacha kuwapa, na naona wanarudi chini. Mama yako pale juzi alikuwa anakula mwenyewe."

"Ni shangazi yangu."

"Shangazi yako. Sasa yuko kwenye oksijeni. Mna uhakika na mlichokiandika?"

"Tumepima na kurudia kupima," nilimjibu, kwa ule ukali unaonitoka nikiguswa kazi yangu. "Labda walikuwa wanapata nafuu wenyewe."

"Labda." Hakuonekana kuridhika. "Na nilitaka kukuuliza, kidonge kilikuwa kinamchanganya? Maana alimwambia nesi kwamba kitanda chake kimetandikwa na mtu mwenye kinyongo."

"Hapana. Ndivyo alivyo."

Nilivaa gauni la kinga na glavu nikaingia. Shangazi alikuwa amekaa nusu, mabega yakipanda na kushuka kwa kila pumzi, na mashavu yamemwingia ndani. Aliniona, akasogeza kidogo kile kifuniko cha oksijeni kabla sijamzuia.

"Kifaranga yuko wapi?"

"Hawezi kuja, shangazi. Akiingia humu harudi tena kwa kuku wake."

"Kuku wake," alisema, akavuta pumzi mara kadhaa ndipo akamaliza. "Muulize wananizidi nini."

Nilitoka pale haraka. Sikuwa mtoto, nilikuwa nimeshaona wagonjwa wa homa ile, nilijua kifua kikifika pale kinaelekea wapi. Nilikuwa naogopa, na hofu yangu mimi hujifanya hasira, kwa hiyo nilimgombeza mlinzi wa geti kwa jambo ambalo hata silikumbuki. Kisha nikaenda kwa Kifaranga, maana habari ile haikuwa ya kupewa kwenye simu.

Sikuingia. Nilisimama nje ya uzio kama tulivyokubaliana, naye akaja upande wa pili amevaa mabuti yake ya mpira, ameshika ndoo.

"Anaendeleaje?"

"Vibaya."

Aliweka ndoo chini. Nikamweleza yote, oksijeni, pumzi, na lile swali la kuku. Alicheka kidogo, kisha akavua miwani na kuifuta kwa shati muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Na mimi siwezi hata kwenda kumshika mkono," alisema.

"Ukienda..."

"Najua, dada. Mlinikataza." Hakusema kwa lawama. Aligeuka akatazama mabanda yake. "Jirani yangu kule bondeni kuku wake wamekwisha wote. Wangu hata mmoja hajapiga chafya."

"Umewatunza vizuri."

"Siyo kuwatunza tu. Nimewakinga. Nawatilia dawa kwenye maji."

"Dawa gani? Kifaranga, si tulikwambia..."

"Chanjo sijawapa. Antibaiotiki sijawapa. Kwani mimi nimesahau? Hii ni dawa ya virusi, tena ya watu kabisa, siyo ya kubahatisha. Wafugaji wengi wanaitumia tangu homa iliposikika." Akanitajia jina. Kilikuwa ni kile kidonge cha zamani.

Nilishika waya wa uzio. Sikuhitaji karatasi wala kalamu, hesabu ilijifanya yenyewe kichwani. Kuku wanakunywa dawa, dawa inaingia kwenye yai. Sisi tunaingiza virusi vya mgonjwa kwenye yai lile. Virusi vinakufa, ndiyo maana mayai mengi yaligoma, na dereva wa watu hakuwa na kosa. Vinavyobaki ni vile vichache vilivyozaliwa vibishi, visivyojali kidonge, na hivyo ndivyo tulivyovibembeleza, tukavilisha, tukavizidisha, kisha tukavijaribu na kidonge kile kile. Tukashangaa havifi. Tulichokipima ni virusi tulivyovichagua wenyewe. Vile vilivyokuwa kwenye kifua cha shangazi hatukuwahi kuvipima.

"Kwa nini hukuniuliza?" Sauti ilinitoka kubwa mpaka kuku wakatulia.

"Nikuulize nini? Mlisema chanjo, mlisema antibaiotiki, mlisema kuku mgeni. Nyie si ndio watu wa dawa za virusi? Nilidhani mtafurahi."

Tunashinda kutwa na kukesha tukiwinda dawa ya virusi, na katika yote tuliyomkataza mtu yule, hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kumkataza dawa ya virusi. Ilikuwa karibu mno na pua zetu. Nikamweleza polepole, naye akasikiliza bila kunikatiza, na nikaona uso wake ukibadilika alipofika mahali ambapo mimi nilikuwa nimeshafika.

"Kwa hiyo kidonge kinamfaa shangazi," alisema.

"Nadhani kinamfaa. Daktari aliona kinamfaa."

"Na mmekisimamisha kwa sababu ya mayai yangu."

"Kwa sababu ya maabara yetu."

Kisha akauliza, macho yakiwa kwenye mabanda: "Ukilisema hili huko, kuku wangu itakuwaje?"

Singeweza kumdanganya. Watu wa idara ya mifugo walikuwa wameshaonya kuhusu dawa za binadamu kwenye maji ya kuku, kwa sababu huko ndiko virusi hujifunza ukaidi. "Watakuja kuwamaliza wote," nilimwambia.

Kuku wale aliwalea kizazi baada ya kizazi tangu tulipoanza naye. Aliokota ndoo yake, akaigeuza na kumwaga maji yote chini. Kisha akaingia stoo. Aliporudi alikuwa na boksi, akalirusha juu ya uzio nikalidaka. Lilikuwa limejaa paketi za vidonge, nyingi hazijafunguliwa.

"Kama hospitali hawana," alisema. "Nenda, dada. Unasubiri nini?"

Nilimpigia Mkuu nikiwa bado kando ya barabara. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Una uhakika?"

"Nina uhakika na maji ya kuku."

"Hilo si jibu la maabara. Tutafute mayai safi, turudie, tuone."

"Na wagonjwa wakae wakingoja mayai?"

Sauti yake ikaanza kushuka. "Ukipiga simu hospitali sasa, unafuta ripoti yenye sahihi yangu. Na Binti naye amepimwa kwa virusi hivyo hivyo. Tunaanza naye moja. Unalielewa hilo?"

"Nalielewa. Lakini sahihi pale ni mbili, Mkuu. Mimi nafuta yangu."

Nilikuwa nimeshajiandaa kwa maneno makali, na nilikuwa na yangu tayari mdomoni. Badala yake akasema, kwa sauti niliyolazimika kubana simu sikioni kuisikia, "Nitapiga mimi. Wewe wahi wodini, uchukue sampuli mpya ya koo la shangazi yako. Safari hii tunaiweka moja kwa moja kwenye seli tunazootesha chupani. Mayai hatuyagusi."

Nilipofika, daktari wa wodi alikuwa ameshapigiwa, na alikuwa amewaka. Siyo kwa sababu yangu. Baada ya ripoti yetu vidonge vilirudishwa bohari kuu, na bohari walikuwa wanasema gari ni mpaka kesho. Nikamwekea boksi mezani.

"Hizi zimetoka wapi?"

"Kwa mfugaji wa kuku."

Alinitazama mimi, akatazama boksi. Akaanza kuchukua paketi moja moja, akisoma tarehe, akiminya kila kidonge kuona kama kifuko chake kimechanika, na zile zilizofunguliwa akazitenga pembeni. Alichukua muda wake, na mimi nilikuwa natamani kumpokonya. Mwisho akamwita nesi, wakaanza kugawa kuanzia kitanda cha mlangoni, alipolala mzee mmoja.

Shangazi alikitazama kidonge kiganjani kwa nesi. "Mlisema hakifai."

"Tulikosea," nilimwambia. "Kinafaa. Amekileta Kifaranga. Alikuwa anawapa kuku wake."

Alikimeza, akafumba macho kwa muda nikadhani amelala. "Nikianza kutaga," akasema, "mniamshe."

Nesi alimgeukia daktari, na daktari, bila kunitazama, akasema, "Hapana, ndivyo alivyo."

Seli zilitupa jibu mapema kuliko mayai yangetupa. Virusi vilivyotoka moja kwa moja kwenye koo la shangazi vilikuwa vinakufa kwa kidonge cha zamani bila ubishi wowote. Tulirudia kwa sampuli za wagonjwa wengine, na kila mara ikawa hivyo. Mkuu aliandika barua ya kufuta ripoti, akaeleza kosa lote lilivyokuwa bila kumtaja Kifaranga kwa ubaya, na nikamheshimu kwa hilo. Binti tulianza naye moja kama alivyosema. Virusi halisi anavimudu, ingawa si kwa kishindo kile cha mwanzo, na bado tunamlea.

Shangazi alipona polepole. Kwanza ikaondoka oksijeni, kisha yakarudi matusi madogo madogo kwa manesi, na hapo ndipo nilipoamini. Yule mzee wa kitanda cha mlangoni hakupona. Nilimuuliza daktari kama zile siku bila kidonge ndizo zilizomuua, akaniambia hawezi kujua. Mimi pia siwezi. Linaniuma, na nimeacha kutafuta namna ya kulifanya lisiniume.

Watu wa mifugo walikuja na magari yao wakati shangazi bado yuko wodini. Kifaranga aliwaomba awatoe kuku mwenyewe, banda kwa banda, kwa sababu wageni wangewatia kiwewe. Wakamruhusu. Jioni aliniandikia ujumbe wa maneno mawili: wamekwisha wote. Kesho yake akaoga, akavaa nguo safi, akaenda hospitali kumshika shangazi mkono, maana sasa hapakuwa na cha kumzuia.

Shangazi aliporuhusiwa alitaka kupelekwa kwa Kifaranga kabla ya kwenda nyumbani. Tulimkuta mdogo wangu ameshasugua mabanda mpaka sakafu inang'aa, kila kitu kinanuka dawa ya kuulia vijidudu, na vyombo vya maji vimeanikwa juani vimepinduliwa. Maabara ilikuwa imekubali kuendelea naye, na vifaranga wapya walikuwa njiani. Tulikaa kibarazani tukinywa chai. Kimya cha mahali pale kilikuwa kigeni. Hata shangazi, ambaye miaka yote alilalamikia kelele za kuku, alikuwa anageuza shingo akisikiliza.

"Haya, dada," Kifaranga alisema. "Nipe masharti upya. Yote."

Nilikuwa nimejiandaa, tulikuwa tumeyakalia maabara siku nzima. Usiwachanje. Usiwape antibaiotiki. Usiingize kuku mgeni. Usikanyage banda ukiwa umetoka kwa mgonjwa. Usiwape dawa yoyote ya virusi, iwe ya watu au ya mifugo, kwenye maji wala kwenye chakula. Usiwape dawa ya minyoo bila kutuambia. Usibadilishe chakula bila kutuambia. Alikuwa anarudia kila moja kwa mdomo wake kama alivyofanya mara ya kwanza, bila haraka, akitazama mabanda matupu.

"Yameisha?"

"Yameisha."

Akainamisha kichwa akakizungusha kikombe mkononi. Hakuwa amekasirika. Ingekuwa rahisi zaidi kwangu kama angekuwa amekasirika.

"Na yale ambayo bado hamjayafikiria?" aliuliza.

Nilichukua birika nikataka kumwongezea chai. Shangazi aliweka kikombe chake chini.

"Mjibu mdogo wako," alisema.